Chumvi Kwenye Boksi la Dawa

Nyemo, mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda kuwaaga wanakwaya wenzako, na najua hutarudi kabla ya giza, maana wewe kumuaga mtu mmoja ni saa nzima. Nimekaa uani kwenye meza ya kufungia barafu. Nimechukua daftari lako la zamani la kidato cha pili nikachana karatasi za katikati. Ulikuwa hujalimaliza, na mimi nina mengi.

Mambo ya shuka, ndoo, kufuli la sanduku na wavulana sitayaandika. Shangazi yako Foibe ameshayasema yote mara tatu, na hilo la wavulana mara tano. Chuo kikikushinda kwa sababu ya kukosa maagizo, basi hakuna mtu duniani aliyewahi kuagizwa.

Mimi nataka kukuandikia habari ya bibi yako na ile chupa ya dawa. Najua hatuizungumzi nyumbani humu. Tumekaa miaka minane tunaipita pembeni. Sasa kesho unapanda gari kwenda Mbeya kusomea dawa, na siwezi kukuacha upande huku mimi nimepiga kimya.

Leo asubuhi nilikuaga nikasema nakwenda Kizota kwa seremala kuchukua vumbi la mbao la kufukia barafu. Sikwenda Kizota. Nilikwenda Zuzu kwa babu yako. Nitakueleza yaliyotokea huko, lakini lazima nianze pale nilipoanza kukosea, na sikuanza kukosea siku ya boksi. Nilianza wiki mbili kabla.

Ulikuwa darasa la tano. Mwalimu wenu wa sayansi alikuwa amewaambia kila mmoja afanye jaribio nyumbani kwa vitu vya nyumbani, na wewe, mtoto wa muuza barafu, ulijiona umezaliwa na bahati. Nilirudi kutoka kuchota maji nikakuta umepanga vikombe vitano vya plastiki kwenye ukuta wa uani, kila kimoja na kipande cha barafu. Kimoja chumvi, kimoja sukari, kimoja magadi, kimoja majivu ya jikoni, na cha mwisho hukukitia kitu. Ulikuwa umechuchumaa na saa ya marehemu baba yako mkononi, ile iliyokuwa inachelewa, unaandika. Hukunisikia nikiingia.

Ulianza kunieleza kabla sijatua ndoo. Ulisema cha chumvi kimewashinda wote, barafu imekwisha. Sukari inafuata lakini kwa uvivu. Magadi nayo yamejitahidi kidogo. Majivu yalinitia uchafu tu, mama, ulisema hivyo, yamefanya kazi kidogo sana. Halafu ukaniambia maneno ambayo nimeyasikia kichwani kila siku tangu siku hiyo.

"Mama, njoo uone. Chumvi inaiyeyusha barafu haraka, lakini yale maji yanakuwa ya baridi kuliko barafu yenyewe. Tazama, kikombe kimeota weupe kwa nje."

Na kwenye bakuli la pembeni ulikuwa na onyesho lako kubwa. Ulikuwa umeweka barafu nyingi iliyopondwa na chumvi nyingi, na katikati ukasimamisha kichupa cha maji safi, kile cha dawa ya macho kilichokwisha. Ulikitoa ukakigeuza juu chini. Maji hayakumwagika. Yalikuwa yameganda.

"Barafu ya kawaida haiwezi, mama. Nimejaribu. Ikiwa na chumvi ndiyo inagandisha."

Ungekuwa na mama mwingine, angekaa chini akaangalia. Mimi niliona mabonge mawili ya barafu ya harusi ya Jumamosi yamepondwapondwa, na pakiti ya chumvi imekwisha, na sukari imemwagwa kwa siafu. Nilikupiga kofi. Nikavimwaga vikombe vyako vyote, nikakirusha kichupa kule kwenye michongoma, nikasema, "Hizo akili ungezipeleka kwenye kuosha vyombo tungekuwa mbali." Ukainama ukaokota vikombe kimoja kimoja. Hukulia, ulivipanga tu kwa ukubwa.

Nikuambie kweli kuhusu lile kofi. Haikuwa barafu. Barafu ningegandisha nyingine. Mimi niliishia darasa la saba, na nilikuwa napenda shule kuliko unavyodhani, na kuna kitu hunichoma mtu mdogo akinifundisha ndani ya kazi yangu. Kazi ya barafu nilikuwa naijua mimi. Watu wa vinywaji vya harusi ndio walionifundisha kwamba soda zikichelewa kupoa, unanyunyizia chumvi kwenye diaba la barafu, na ndani ya muda mfupi chupa zinatoka zinauma meno. Nilikuwa nafanya hivyo mwaka hadi mwaka. Kwa nini inakuwa hivyo, sikujua. Wewe ulikuwa umejua kwa vikombe vitano na alasiri moja, na mimi nikaona umenivua nguo.

Ndiyo maana nakuambia, na hili si agizo, ni jambo lililonitokea: angalia sana siku utakayosikia hasira juu ya mtu anayekuonyesha kitu. Jiulize kwanza ni nini hasa kimekuuma. Mimi sikujiuliza.

Sasa siku ya boksi.

Unakumbuka bibi yako alikuwa na kisukari cha kuchoma sindano. Dawa nilikuwa naichukua mimi huku mjini kila mwezi, naipeleka Zuzu, na yeye anaihifadhi kwenye chungu kilichofukiwa kwenye mchanga wenye maji, kwa kuwa kule kwake umeme ulikuwa haujafika. Kwa njia niliipeleka kwenye boksi la kupozea, barafu imefungwa kwenye taulo, dawa kwenye kopo lake katikati, isigusane na barafu. Nesi alinielekeza hivyo na nilifuata hivyo miezi yote. Mwezi wa kumi ule jua lilikuwa la kupasua mawe. Umeme ulikatika usiku uliotangulia, barafu iliyobaki ilikuwa kidogo, na nilikuwa na watu wa harusi mlangoni wananipigia kelele. Taulo nililitumia kufunika diaba lao. Nikatia kile kidogo cha barafu kwenye boksi, nikaona hakitoshi, hakitafika Zuzu.

Nikachota chumvi viganja viwili nikanyunyizia. Niliwaza soda. Niliwaza, baridi ikiwa kali, itafika. Nikasukumia kopo la dawa katikati, nikafunga, nikakuita.

Ulikuwa umetoka shule hata sare hujavua. Nilikukabidhi kwa dereva tuliyemfahamu, nikakuambia boksi lisikutoke mkononi, usilifungue, uende moja kwa moja kwa bibi. Ukaniuliza, "Barafu inatosha, mama?" Nikakujibu, "Nenda." Hilo ndilo neno nililokupa.

Mengine uliyaeleza wewe mwenyewe baadaye, hakuna aliyekusikiliza. Gari lilipata pancha njiani, mkakaa saa nzima kando ya barabara. Wewe ukaliweka boksi kwenye kivuli cha gari, kivuli kikahama nawe ukahama nalo, ukalifunika kwa sweta lako la shule. Ulifika Zuzu jioni. Bibi akaipokea dawa akaitia kwenye chungu, na kesho yake akaanza kuichoma.

Siku ya sita nikapigiwa simu kwamba amelegea, anakunywa maji hayamtoshi, anaongea vitu havieleweki. Tulipomfikisha hospitali alikuwa haitambui sauti yangu. Nesi alitutaka tulete dawa aliyokuwa anaitumia. Akainyanyua kwenye mwanga, akaitikisa, akaitazama tena. Ndani kulikuwa na vijipande vyeupe vinavyoelea.

"Dawa hii imeshakufa," alisema. "Ama imepigwa jua, ama imegandishwa. Yote mawili yanaiua. Alikuwa anachoma maji tu."

Nyemo, nilijua saa ile ile. Nilikiona kile kichupa chako kimegeuzwa juu chini na maji hayamwagiki.

Foibe ndiye aliyesema kwanza. "Jua! Si walikaa barabarani saa nzima? Huyu mtoto kaliacha boksi juani akaenda kucheza." Wote wakakugeukia. Ulikuwa umesimama karibu na mlango na viatu vyako mkononi, kwa sababu nesi alisema sakafu imepigwa deki. Ukasema, "Nililifunika, shangazi." Foibe akasema, "Nyamaza, mtoto, usiongeze uongo."

Kisha ukanitazama mimi. Nilikuwa na nafasi. Ilikuwa sentensi moja tu, na watu wote wa kuisikia walikuwepo. Nikatazama chini. Nikasema, "Ni mtoto, jamani, msimseme sana."

Angalia ujanja wa maneno hayo. Wote waliona nakutetea, kumbe nilikuwa nakufunga.

Bibi yako alifariki siku mbili baadaye, na tukamzika Zuzu.

Hujawahi kuniuliza kwa nini. Nitakujibu hata hivyo. Baba yako alipokufa, wewe hujaanza hata chekechea, ndugu zake walikuja kuniambia niondoke kwenye nyumba hii ya Ipagala. Aliyewazuia ni bibi yako. Alikaa mlangoni na kiti chake akasema mke wa mwanawe habanduki hapa yeye akiwa hai. Tangu hapo mimi kwenye ukoo ule nilisimama kwa mguu wa mama yule mmoja. Sasa ndiyo nikasimame mbele ya jeneza lake niseme mimi ndiye niliyemuua? Nilijiambia mtoto husamehewa. Akikua watamsahaulia. Mkwe hasamehewi.

Ndivyo nilivyojiambia. Inasikika kama hesabu ya mtu mwenye akili, lakini ni woga tu. Woga hujua sana kuongea.

Wala hawakukusahaulia. Kila shughuli ya ukoo, Foibe alikuwa na lake. "Keki msimpe Nyemo, ataiacha juani." Watu wanacheka. Na wewe unacheka nao, ukiwa na miaka kumi na mbili, kumi na tatu, unacheka na macho yamekauka. Nilikuona ukiacha kubeba vitu vya watu. Mtu akikuomba umshikie mtoto, unasema mikono yako michafu. Nilikuona na nikaendelea kufunga barafu zangu. Usiku mmoja mmoja nilijiapiza kwamba kesho nitasema, na kesho yake kulikuwa na wateja. Kosa likisemwa siku ile ile lina urefu wake. Mimi langu nililiacha likue pamoja na wewe, na kila mwaka lilikuwa limenipita kimo.

Mwaka jana ulipojaza fomu ukachagua famasia, nilikuuliza kwa nini, ukasema unapenda tu. Nikaingia ndani nikajifanya natafuta kiberiti.

Nataka kuweka neno hapa kuhusu hiyo kazi, maana wewe utaijua na mimi sitaijua. Watakuja kwako akina mama kama mimi. Watakuwa na haraka, na watakuwa na maarifa yao waliyookota kazini, nusu ya kweli. Wengine watakujibu vibaya ukiwaelekeza. Nesi yule aliniambia nifunge barafu kwenye taulo, lakini hakuniambia kwa nini, na mimi sikumuuliza kwa sababu sikutaka aone sijui. Angesema tu, dawa hii ikiganda inakufa, bibi yako pengine angekuwepo kesho stendi. Simlaumu yeye. Najilaumu mimi niliyefunga mdomo. Ila wewe ukiweza, waambie na sababu yake, hata kama wamenuna.

Sasa leo.

Nilimkuta babu yako nyuma ya nyumba anachongea jembe mpini. Nikamwamkia shikamoo baba, akanijibu, akaniuliza mtoto anaondoka saa ngapi. Sikukaa kwenye kigoda alichonipa. Nilipiga magoti pale kwenye vibanzi vya mpini, nikamwambia yote. Barafu kidogo, taulo, chumvi viganja viwili, kichupa chako, nesi. Nilisema bila kupumzika maana nilijua nikipumzika nitaondoka. Nikamalizia, "Baba, hakuwa Nyemo. Ni mimi."

Akaendelea kuchonga kidogo. Halafu akasema, "Najua."

Nilidhani hakunisikia. Nikarudia.

"Nimesema najua, mama Nyemo. Najua tangu wiki ya msiba." Akaweka panga chini. "Mtoto alinifuata kule zizini. Akaniambia, babu, siku ile nilipofika nililifungua boksi ili nimwage maji, yakanirukia mdomoni, yalikuwa ya chumvi. Akanieleza na vikombe vyake vya shule, na kichupa kilichoganda. Aliyajua yote. Alikuwa amejipangia kichwani kama mtu mzima."

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Kwa nini wewe hukusema.

"Nilimwambia twende nikawaeleze watu. Akanishika mkono, akakataa. Akasema, babu, mama hana mtu mwingine. Mimi ni mtoto, shangazi atanisamehe nikikua."

Nyemo. Ni maneno yangu mwenyewe. Yale yale niliyojiambia siku zile, karibu neno kwa neno, na sikuwahi kuyatoa mdomoni. Tulikaa watu wawili kwenye chumba kimoja tukapiga hesabu moja, na wote wawili tukakubaliana mzigo uchukue wewe.

"Na wewe baba," nilimwambia, "ukaniacha miaka yote hii?"

"Nilimwapia mtoto," akasema. "Na nilikuwa nakusubiri. Nilidhani utakuja ile wiki. Kisha nikasema atakuja mwezi huo. Miaka minane, mama Nyemo. Nimekuwa nikikutazama kila Krismasi unavyompakulia yule mtoto wali, nasema leo atasema."

Hakunifokea. Ningependa angenifokea. Alinipa maji nikanawa uso, akasema dawa ya jambo hili haiko Zuzu.

Kwa hiyo niliporudi mjini nilipita kwa Foibe. Alikuwa anakukaangia kuku wa safari. Nilimwambia nikiwa nimesimama mlangoni. Unamjua shangazi yako, hakuna jambo asilokuwa na jibu lake. Leo alizima jiko, akakaa sakafuni na mwiko mkononi, akasema, "Keki. Kila mwaka nilikuwa nasema ile ya keki." Kisha akaniambia nitoke nyumbani kwake. Nikatoka. Nadhani mpaka sasa hivi ukoo mzima umeshapigiwa simu, na ndivyo inavyotakiwa. Sikumwomba afiche.

Sikuombi msamaha kwenye karatasi hii. Nimejaribu kuuandika mara mbili, na kila nikiuandika naona nakutaka tena ufanye kitu kwa ajili yangu. Wala sitakuuliza uliwezaje. Kitu kimoja tu kinanimaliza: nilikuwa nadhani nimeishi na siri, kumbe nilikuwa naishi na wewe, na wewe unaniangalia nikidanganya, halafu unaniambia usiku mwema, mama. Ulikuwa na miaka kumi na moja. Hata meno yalikuwa hayajamaliza kuota.

Kesho stendi watakuja wote, na watakuwa wanajua. Foibe atalia, na huenda akanisema kwa sauti mbele ya watu. Baba zako wakubwa na wadogo nao wana midomo. Ukiwasikia wananisema, mwanangu, usinitetee. Usiseme ilikuwa bahati mbaya, usiseme yamepita. Kaa kimya, wasalimie, panda gari lako. Ukitaka kunikumbatia, nitakuwepo. Usipotaka, nitakuwepo vilevile, na sitaondoka mpaka gari liondoke.

Ni mimi mama yako, niliyetakiwa kukutetea wewe.